Sikio la Mkunga

Siku ya sikukuu ya taifa Wakenya husimama wima kuuimba wimbo wa nchi yao. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sauti ya wimbo huo haikutoka katika gwaride la askari wala katika jumba la mfalme. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa karibu kupata uhuru, wanamuziki waliokabidhiwa kazi ya kuutunga waliitwaa sauti ya wimbo wa kubembelezea mtoto, wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, wakaao kando ya Mto Tana, walikuwa wakiwaimbia watoto wao wapate usingizi. Hivyo taifa zima liliazima sauti kwa mama aliyempakata mwanawe, na aazimaye hudaiwa. Insha hii yataka kueleza habari za sauti nyingine, ndogo kuliko wimbo, nayo ni sauti ya moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa. Itasimulia jinsi watu walivyojifunza kuisikia, vyombo walivyotengeneza vya kuisikilizia, na kwa nini katika nchi kama ile ya Garsen kuisikia peke yake hakutoshi.

Mto Tana ndio mto mrefu kupita yote ya Kenya. Huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita nchi kavu ya Garissa na Hola, kisha ukatawanyika katika bonde pana la chini kabla ya kuingia baharini karibu na Kipini. Garsen ni mji mdogo uliomo katika bonde hilo. Karibu nao, mahali paitwapo Minjila, barabara itokayo Malindi hugawanyika. Tawi moja huelekea Hola na Garissa, na la pili huvuka mto kwenda Witu na Lamu. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na miembe kando ya maji. Waorma na Wawardei huchunga ng'ombe. Wakati wa kiangazi huteremka bondeni kutafuta malisho, na mvua zikinyesha huhama kwenda bara. Mto huu huwapa wote riziki, lakini riziki yake haiji bila gharama. Mvua kubwa zikianguka huko milimani, maji huja bondeni hata siku ambayo mbingu ya Garsen ni nyeupe. Mafuriko ya mwaka 1961, ya mwaka 1997, ya mwaka 2018 na yale ya mwisho wa mwaka 2023 yaliharibu mashamba, yakahamisha watu, yakazikata njia. Mwanamke ambaye jana alikuwa mwendo mfupi kutoka zahanati, leo huwa kisiwani.

Sasa tumfikirie mwanamke huyo akiwa katika uchungu wa uzazi. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nao walisema kweli. Lakini katika saa zile yuko mwingine aliye taabuni ambaye hawezi kulia wala kusema. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu yake. Oksijeni humfikia kwa damu ipitayo katika kondo la nyuma na kitovu. Kila mara mji wa mimba unapojikaza, mishipa iliyomo ndani ya kuta zake hubanwa, na damu iendayo kwenye kondo hupungua kwa muda. Mtoto mwenye nguvu hustahimili, kama mpiga mbizi astahimilivyo kuzuia pumzi, na mkazo ukipita hupata tena haja yake. Lakini ikiwa uchungu umekuwa mrefu mno, au kitovu kimebanwa, au kondo limeanza kuachana na ukuta wake, akiba ya mtoto huisha. Hapo moyo wake hutoa habari. Mapigo yake, ambayo kwa kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, karibu maradufu ya yale ya mtu mzima, hushuka kila mkazo unapokuja na huchelewa kurudi mkazo unapokwisha. Huo ndio mwito wa msaada ambao mtoto aweza kuutoa, na hautasaidia kitu ikiwa hakuna wa kuusikia.

Hesabu ya wale wasiosikiwa ni kubwa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalieleza katika mwaka 2020 kwamba kila mwaka duniani huzaliwa watoto wapatao milioni 2 wakiwa wamekwisha kufa, na kwamba zaidi ya 40 katika kila 100 ya hao hufa wakati wa uchungu. Maana yake ni kwamba watoto hawa walikuwa hai uchungu ulipoanza. Walikaa miezi yote ya mimba salama, wakaja kupotea katika safari ya saa chache.

Wakunga wa kale, katika nchi zetu na katika nchi nyingine, hawakuwa watu wajinga. Kwa vidole vyao waliweza kutambua kichwa cha mtoto kilipo, mgongo wake umeelekea wapi, na kama amekaa vizuri au amekingama. Walimwuliza mama kama mtoto anacheza. Lakini mkono hausikii moyo. Kwa maelfu ya miaka watu waliishi karibu kabisa na sauti hiyo bila ya kuijua, wakitenganishwa nayo na unene wa ngozi na maji tu.

Mlango ulifunguliwa Paris. Mwaka 1816 daktari wa Kifaransa, René Laennec, alihitaji kuusikiliza moyo wa mwanamke kijana, na adabu haikumruhusu kuweka sikio kifuani pake. Akaviringisha karatasi ikawa kama mwanzi, akaiweka kifuani pa mgonjwa, akastaajabu kusikia mapigo wazi kuliko alivyopata kuyasikia kwa sikio tupu. Hiyo ndiyo asili ya stetoskopu. Mwaka 1818 huko Geneva, François Mayor alieleza kwamba ameusikia moyo wa mtoto aliye tumboni. Miaka mitatu baadaye Mfaransa mwingine, Le Jumeau de Kergaradec, aliweka chombo cha Laennec juu ya tumbo la mwanamke mja mzito. Alitumaini kusikia maji yakichezacheza mtoto anapogeuka; badala yake alisikia mlio wa haraka kama wa saa ya mfukoni. Alihesabu mapigo ya mama mkononi, akaona hayalingani na yale aliyoyasikia. Ndipo alipojua kwamba anasikiliza mioyo miwili katika mwili mmoja.

Kergaradec aliona mapema faida ya jambo hili: kwa sauti hiyo yaweza kujulikana kama mtoto yu hai, kama ni mapacha, na hata kama ana afya. Mwaka 1833 Evory Kennedy wa Dublin alitoa kitabu kizima juu ya elimu hiyo, na mwaka 1893 Mjerumani Franz von Winckel aliweka mipaka ya mapigo yaliyo mema. Miaka miwili baada ya hapo, mwaka 1895, Adolphe Pinard wa Paris alitengeneza chombo ambacho jina lake halijafutika mpaka leo. Ni pembe fupi ya mti, pana upande mmoja na bapa upande wa pili, yenye tundu katikati. Upande mpana huwekwa juu ya tumbo, mahali mgongo wa mtoto ulipo. Mkunga huinama akaegemeza sikio lake upande wa pili, akaondoa mkono ili pembe ishikwe na sikio peke yake. Haina uzi, haina kioo, haina kitu cha kuvunjika. Baadaye ilitengenezwa kwa madini na kwa plastiki, lakini umbo lake halikubadilika. Wauguzi wengi wa Afrika ya Mashariki huiita fetoskopu.

Wengi waijuao pembe ya Pinard hawajui kazi yake nyingine. Pinard aliwahurumia wanawake maskini wa Paris waliofanya kazi ngumu mpaka siku ya kujifungua. Katika mwaka ule ule wa 1895 aliwaonyesha madaktari wenzake kwamba wanawake waliopata kupumzika katika nyumba maalumu kabla ya kuzaa walizaa watoto wenye uzito mkubwa kuliko wale waliofanya kazi hata dakika ya mwisho. Basi mtu mmoja alitoa mambo mawili: pembe ya kumsikilizia mtoto, na ushahidi kwamba mama anahitaji mahali pa kungojea. Ulimwengu uliipokea pembe kwa haraka. Ile nyumba uliipokea polepole, na sehemu nyingine haujaipokea bado.

Pembe hiyo ilifika kwetu pamoja na mafunzo ya ukunga wa kisasa. Huko Uganda, Albert Cook na mkewe Katharine, wa Hospitali ya Mengo iliyoanzishwa mwaka 1897, walifungua chuo cha wakunga wa Kiafrika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi ilipata hospitali ya uzazi ya Pumwani mwaka 1926. Katika bonde la Tana, wamisionari wa Kijerumani walifika Ngao, si mbali na Garsen, katika miaka ya 1880, na leo Ngao ina hospitali ya serikali inayowahudumia watu wa sehemu hiyo. Katika chumba chochote cha kujifungulia, kikubwa au kidogo, mwanafunzi wa ukunga alifundishwa mambo yale yale: sikiliza mkazo ukiisha kupita, hesabu kwa dakika nzima, shika mkono wa mama uyajue mapigo yake, usije ukayahesabu ya mama ukadhani ni ya mtoto. Tena alifundishwa kurudia. Shirika la Afya Ulimwenguni husema kwamba katika uchungu uliokomaa mtoto asikilizwe kila dakika 15 mpaka 30, na mama anaposukuma asikilizwe kila dakika 5.

Hapo ndipo udhaifu wa pembe ulipo, nao si udhaifu wa mti. Pembe yahitaji sikio lisilochoka, chumba chenye kimya, na mkunga asiye na wanawake wengine watano wanaomwita kwa wakati mmoja. Watu wakaanza kujiuliza: je, haiwezekani kupata mashine isiyochoka, imsikilize mtoto tangu mwanzo wa uchungu mpaka mwisho? Katika mwaka 1958 Edward Hon, huko Marekani, alieleza njia ya kuyaandika mapigo ya mtoto kwa nguvu za umeme. Roberto Caldeyro-Barcia wa Uruguay na Konrad Hammacher wa Ujerumani walifuata njia hiyo kwa namna zao. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, mashine hizo zilikuwa zikiuzwa, zikichora juu ya karatasi mistari miwili, mmoja wa moyo wa mtoto na mwingine wa mikazo ya mama. Katika miaka hiyo hiyo wataalamu waliitumia elimu ya Christian Doppler, aliyeeleza mwaka 1842 kwamba mawimbi hubadilika pale kitu kitoacho mawimbi na mtu ayapokeaye wanapokaribiana au kuachana. Mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la mtu hupelekwa tumboni, yakagonga moyo unaocheza, yakarudi yamebadilika. Chombo huyageuza yakasikika chumbani kote. Kwa mara ya kwanza mama naye aliweza kuusikia moyo wa mwanawe.

Nchi tajiri ziliikumbatia mashine kabla ya kuipima. Ilipopimwa, majibu hayakuwa kama yalivyotazamiwa. Mwaka 1985 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Dublin kwa wanawake karibu 13,000. Nusu yao waliangaliwa kwa mashine, na nusu kwa sikio la mkunga lililofuata utaratibu. Degedege kwa watoto wachanga ilipungua kwa waliokuwa na mashine, lakini vifo havikupungua, na watoto walipotazamwa tena baada ya miaka 4 haikuonekana tofauti katika ugonjwa wa mtindio wa ubongo. Chunguzi nyingine zilizojumlishwa pamoja zilionyesha jambo la kuangaliwa zaidi: palipo na mashine, wanawake wengi zaidi hupasuliwa. Sababu si ngumu kuifahamu. Mashine isiyonyamaza hutoa hofu nyingi, na hofu nyingine hazina msingi. Kwa hiyo katika mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba mwanamke mwenye afya asifungwe kwenye mashine wakati wote, bali asikilizwe kwa vipindi, kwa chombo kidogo cha dopla au kwa pembe ile ile ya Pinard.

Afrika nayo haikukaa ikingoja kuambiwa na wengine. Mwaka 1972 madaktari wa Harare, mji ambao wakati huo uliitwa Salisbury, walitoa chati ambayo juu yake mkunga huandika mwendo wa uchungu na kuchorewa mstari wa hadhari: mwendo wa mama ukiuvuka mstari, na apelekwe kwenye hospitali kubwa mapema. Chati hiyo ikaja kuenea duniani kote. Katika mji huo huo, mwaka 1994, ilionekana kwamba mkunga mwenye dopla ndogo ya mkononi hugundua hatari nyingi kuliko mwenye pembe. Ndipo yakaja majaribio ya karibu nasi. Kampala, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, walitumia dopla inayozungushwa kwa mkono, isiyohitaji umeme. Haydom, katika mkoa wa Manyara nchini Tanzania, walitumia chombo kinachovaliwa na mama kwa ukanda, kilichotengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway na kupewa jina la Kiswahili, Moyo. Matokeo yakatolewa mwaka 2018. Kote kuwili ilionekana kwamba chombo kipya husikia zaidi: hatari nyingi ambazo pembe ilizipita zilitambuliwa. Lakini kote kuwili haikuthibitika kwamba vifo vya watoto vimepungua kwa sababu hiyo.

Msomaji na asimame kidogo hapo. Imekuwaje watu wasikie zaidi, na wasiokoe zaidi? Jibu ni kwamba kusikia ni mwanzo tu wa kazi. Moyo wa mtoto unaposhuka, mama yapasa ageuzwe ubavu, apewe maji, sababu itafutwe. Na kama haukuinuka, mtoto yapasa atolewe upesi, pengine kwa kumpasua mama. Hayo yataka daktari, damu, dawa ya usingizi na chumba cha kupasulia, na yote yataka yapatikane sasa, si kesho. Ikiwa hayapo, chombo humpa mkunga huzuni tu: ajue kwamba mtoto anakufa, na asiwe na la kufanya.

Jambo hili lilikwisha kutiwa katika mizani. Mwezi wa Februari mwaka 1987 mkutano mkubwa wa mataifa ulikutana Nairobi, na hapo ndipo ulipotangazwa mwito wa uzazi salama kwa ulimwengu mzima. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama anayezaa huuawa na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika mahali pa msaada, na kuchelewa kusaidiwa akiisha fika. Pembe, dopla na mashine zote ni dawa ya ucheleweshaji wa tatu peke yake, tena si dawa kamili. Serikali ya Kenya, kwa kuondoa ada ya kujifungua katika hospitali zake mwezi wa Juni mwaka 2013, iliushambulia ucheleweshaji wa kwanza, kwani wengi walikaa nyumbani kwa kukosa fedha. Katika nchi kwa jumla wanawake wengi wameitika. Lakini Kaunti ya Tana River imebaki miongoni mwa zile ambazo wanawake wengi bado huzalia nyumbani, na ucheleweshaji wa pili ndio unaotawala huko.

Hebu tuitazame njia yenyewe. Mwanamke wa Kiorma aliye kambini bara hupatwa na uchungu usiku. Mumewe yuko na ng'ombe. Mwanamke wa Kipokomo aliye kijijini ng'ambo ya mto hungoja mtumbwi, na mtumbwi haushindani na maji ya mafuriko. Akifika Garsen akaonekana ana haja ya kupasuliwa, safari nyingine yamngoja. Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na Hola nako si karibu. Katika safari hiyo moyo wa mtoto hauhesabu kilomita, huhesabu dakika. Mtu asiwalaumu basi wanawake hao kwa kumwita mkunga wa jadi aliye jirani. Mkunga huyo alikuja kwa miguu, aliijua lugha yao, na hakuzuiwa na mto.

Kwa hiyo historia ya chombo hiki yaturudisha kwa Pinard, na kwa yale mambo yake mawili. Pembe imo katika zahanati. Kinachotakiwa sana Tana ni ile nyumba: mahali pa kungojea, karibu na hospitali yenye uwezo wa kupasua, ambapo mwanamke aliyekaribia siku zake aweza kukaa kabla mvua hazijakata njia, apate chakula chake na heshima yake, na mila yake isidharauliwe. Palipo na nyumba ya namna hiyo, mto hauwezi kumtenga mama na msaada, kwa sababu aliuvuka maji yalipokuwa madogo. Nyumba hiyo yataka wakunga wa kutosha, na mkunga wa jadi akiwa msindikizaji wa mama badala ya kuwa mpinzani wa muuguzi. Hapo pembe itakuwa na thamani yake yote, na dopla itakuwa na thamani kubwa zaidi, kwa kuwa kila litakalosikiwa litaweza kutendewa kazi.

Vijana wanaosoma kurasa hizi, baadhi yao watakuwa wauguzi, baadhi mafundi wa vyombo, na baadhi watakaa katika mabaraza yagawayo fedha za kaunti. Kila mmoja atakuwa na sehemu yake. Fundi na azidi kutengeneza chombo kisikiacho vizuri. Muuguzi na azidi kuinama na kuhesabu dakika nzima, hata akiwa amechoka. Na yule agawaye fedha, aonyeshwapo mashine mpya yenye taa nyingi, na aulize kwanza swali moja: moyo huu ukishuka usiku wa leo, na mto umejaa, ni nani atakayefika, na kwa njia gani? Asipopata jibu, na anunue jibu kabla ya kununua mashine.